Sisimizi wa Fundi Suruali

Asubuhi hiyo, kabla cherehani nyingine hazijaanza kunguruma, Fundi Suruali alikuwa amejifunga kipande cha bitana kiunoni, akiipunguza suruali yake mwenyewe. Aliwahi kuipunguza mwezi uliopita, na kabla ya hapo pia.

"Kitambaa cha siku hizi kinatanuka," alimwambia Mama Vifungo, aliyeketi jirani naye.

"Na mashavu yako nayo ni kitambaa?" Mama Vifungo alijibu bila kuinua macho, akamsukumia chupa yake ya maji. Fundi akainywa yote. Kiu ikabaki palepale, kama mgeni asiyejua kuaga.

Ufunguo wa choo cha karakana ulining'inia shingoni mwa Bosi kwa kamba nyekundu, na aliyeuomba alipewa pamoja na maneno. "Wewe tena? Umekuja kushona au kumwagilia bustani?" Fundi alikuwa mtu wa haya. Akawa anajibana mpaka jasho linamtoka.

Siku moja alishindwa, akaenda nyuma ya ukuta. Alipogeuka, sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mmoja. Wakamfuata hadi kwenye cherehani, na jioni wakamsindikiza nyumbani. Mkewe alishika ufagio, kisha akauweka chini, maana walipangusa miguu mlangoni kabla ya kuingia. Usiku mumewe alipoamka kwenda haja, nao waliamka, wakamngoja nje ya choo wakipiga miayo.

Karakanani aliyelalamika ni mkata vitambaa peke yake. Alikuwa amefuata sisimizi kwa mkasi akidhani ni mstari wa kalamu, na shati likatoka na kona.

Wenzake walimwonea huruma kwa jinsi alivyokonda. Huyu alimletea soda, yule akamkorogea chai ya sukari nyingi. "Kunywa, ndugu yetu, upate nguvu." Ulikuwa wema mtupu, kijiko kwa kijiko. Sisimizi walitazamana tu.

Kisha tundu la sindano likaingia ukungu. Sisimizi wawili wakaushika uzi, wakaupitisha. Fundi akawashukuru. Kidole alichojidunga zamani kilikuwa bado kidonda kibichi. Hakujua kazi nyingine duniani, na fundi asiye na macho wala kidole atawalisha nini wanawe?

Siku alipoanza kusinzia juu ya pindo, sisimizi wakaingia chini ya kiti, wakakiinua.

"Unakwenda wapi saa za kazi?" Bosi aliuliza.

"Sijui, Bosi. Ninabebwa."

"Urudi kabla ya chai."

Wakampeleka zahanati, wakapanga foleni kama watu wengine. Muuguzi akamtoa tone la damu, akasoma kipimo.

"Ni kisukari, baba. Kiu, mkojo kila saa, kukonda, uchovu, macho, kidonda kisichopona. Mwili umekupigia hodi kila mlango. Hukusikia?"

"Nilidhani ni kitambaa."

Muuguzi akawatazama sisimizi. "Wako wana bidii. Wagonjwa wengi huletwa na watu, tena wamechelewa."

Akampa dawa na masharti. Mama Vifungo ndiye aliyeyasimamia: kila chai ya Fundi aliionja kwanza, akakunja uso, ndipo akampa. Kidole kikafunga, ukungu ukapungua, suruali ikakaa kiunoni bila kushikwa. Sisimizi nao wakapungua, hadi asubuhi moja wa mwisho akamtungia uzi, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Hakwenda mbali. Mchana huohuo Bosi alitoka ofisini, soda mkono mmoja, mkono mwingine umeshika suruali isianguke.

"Nipunguzie kiuno. Kitambaa cha siku hizi kinatanuka."

Nyuma yake mstari mweusi ulikuwa umesimama kwa adabu.

Fundi akaweka mkasi chini. "Bosi, si kitambaa. Nenda ukapimwe."

"Wewe shona."

"Naomba ufunguo," alisema Mama Vifungo.

"Wewe tena?" Bosi aliuvua shingoni, akautazama kidogo, kisha akaenda chooni yeye mwenyewe, haraka, akafunga kwa ndani.

Mama Vifungo akaketi, akabana miguu, akaendelea na vifungo. Ofisini, sisimizi walikuwa wamekizunguka kiti cha Bosi, wakikiinua kidogo na kukishusha, kujaribu uzito.