Ulimi wa Eduvina

Edilberto alipomwambia mama yake, "Leo funga jiko, Mama, tukazunguke tukale kwa wenzako," Eduvina Quicaño alijua palepale kwamba kuna jambo. Mtoto huyu, aliyehamia Lima na kurudi kwa sikukuu tu, tangu lini akawajali wapishi wenzake mama yake? Halafu Jumanne! Siku ya supu ya chairo, siku ambayo mgahawa wao wa kijijini Characato haukufungwa hata kwa tetemeko. Ila kusema kweli, siku hizi hata Jumanne meza zilikaa tupu, na sababu aliijua yeye peke yake.

Sababu ilikuwa ulimi. Tangu ile homa ya mwaka jana, ulimi wake ulikuwa umekufa. Chumvi, sukari, maji, vyote kinywani vilikuwa kitu kimoja; pilipili tu ndiyo iliyobaki kuchoma. Alipika kwa mazoea ya mkono, na mkono nao ulikuwa umeanza kumdanganya. Kumwambia mtu? Ng'o! Mgahawa aliurithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Siku watu watakapojua, atabaki kikongwe wa kuota jua uani.

Basi akapanda gari, akajifunga mkanda, akawa anamtazama mwanawe kwa jicho la pembeni. Moyoni alishamhukumu: huyu amekuja kuuza mgahawa. Wiki nzima anajipitishapitisha jikoni, anapapasa kuta, anauliza jiwe la kusagia lina umri gani. Mtu anauliza umri wa jiwe bure?

Walianzia kijiji cha Sabandía, kwa Fermina Ticona, mgahawa mkongwe wenye kuta nyeusi kwa moshi. Fermina aliwapokea mlangoni, akamkumbatia Eduvina, kisha akamshika mkono na kumketisha kwenye benchi.

Kumketisha! Eduvina nusura acheke. Kwa wapishi wa mkoa huu wa Arequipa, mwenzao akija haketi kwanza. Huingizwa jikoni, akatiliwa supu kidogo kiganjani, akaonja, akasema kimepungua nini. Kumnyima hilo ni kumtukana. Kwa upande mmoja alishukuru, maana angeonja nini yeye? Kwa upande mwingine machale yalimcheza. Edilberto ndiye aliyeingia jikoni, eti anasalimia, na alipotoka hakumtazama mama yake usoni.

Supu ililetwa. Eduvina akanywa vijiko viwili, akatikisa kichwa kama hakimu.

"Fermina hajapoteza mkono wake," alisema. "Chumvi imekaa mahali pake."

Edilberto aliinamia bakuli lake. "Ndiyo, Mama."

"Mbona huli?"

"Nakula."

"Unakula kama mtu aliyeiba."

Fermina, aliyesimama karibu na mapipa ya chicha, ile pombe ya mahindi, alijifuta macho kwa aproni na kusingizia moshi. Eduvina aliona. Kumbe hata Fermina anajua kwamba nauzwa, aliwaza.

Njiani kwenda Tiabaya alimpiga swali la ghafla. "Yuko wapi huyo mnunuzi?"

"Mnunuzi gani tena?"

"Mwanangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuzaa, nakujua ukidanganya. Masikio yanakuwa mekundu."

"Mama, furahia safari."

Masikio yalikuwa mekundu kweli.

Tiabaya mambo yakawa yaleyale. Mwenye mgahawa, Zoraida, msichana wa juzi tu ambaye Eduvina alimfundisha mwenyewe kusaga pilipili, alimzuia mlangoni kwa maneno matamu: jikoni kuna joto, sakafu imelowa, pumzika tu hapa Mama Eduvina. Edilberto huyo, jikoni tena. Ilipokuja supu, Eduvina aliisifu kuliko ya kwanza, kwa hasira, ili mtu yeyote asidhani amekasirika. Zoraida aliitikia "asante" kwa sauti ndogo sana, akaondoka bila hata kumjazia bilauri ya chicha.

Walipofika Sachaca, kwa Benilda Huarca, Eduvina alikuwa ameshafura. Benilda alikuwa mshindani wake tangu ujanani. Walishagombania wateja, kuni na hata mume mmoja. Kama kuna mtu wa kununua jiwe lake la kusagia amkomoe nalo, basi ni huyu. Edilberto alipopotelea jikoni, Eduvina hakungoja. Alimpita mhudumu, akaingia.

Aliwakuta wameinamiana juu ya sufuria, wakinong'ona.

"Haya, nimewafuma!" alifoka. "Mnaniuza nikiwa hai? Benilda, unalitaka jiwe langu? Njoo ulibebe kwa meno!"

"Nani anataka jiwe lako, we mwanamke?" Benilda alitupa kijiko. "Ninalo langu. Edilberto, mimi mchezo huu umenishinda. Mwambie, au nitamwambia mimi."

Benilda akachota supu kwenye bakuli, akaiweka mbele ya Eduvina.

"Hii ndiyo tuliyokuandalia. Haina chumvi hata punje. Kwa Fermina ulikunywa bila chumvi, ukaisifu. Kwa Zoraida bila chumvi, ukaisifu zaidi. Wamenipigia simu wote wawili wakilia."

Eduvina akakaa juu ya gunia la viazi. Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele, afadhali wangemuuza.

"Tangu lini, Mama?" Edilberto aliuliza.

"Tangu homa." Sauti haikuwa yake. "Ungeniuliza tu nyumbani, bila kunianika mbele ya wenzangu."

"Ningekuuliza ungesema kweli?"

"Ningekutimua."

"Umeshanitimua, Mama. Wiki nzima kila nikisogea jikoni unanifukuza. Nimeacha kazi Lima, nimekuja nijifunze kupika, nikadhani hunitaki. Mpaka nilipokula chakula chako, nikajua ulimi wako una jambo."

Hofu ya kufumaniwa ilikuwa imemfanya Eduvina amfungie mlango mtu pekee aliyekuja kubisha hodi, na jambo hilo lilimuuma kuliko ulimi wenyewe. Benilda alijifanya anachochea moto.

Mwishowe Eduvina alilisogeza bakuli kwa mwanawe.

"Onja."

"Mama, hii si lazima..."

"Onja, nimesema. Kimepungua nini?"

Edilberto akaonja. "Chumvi."

"Hiyo umeiacha mwenyewe, usinichekeshe. Kingine?"

Akaonja, akakunja uso, akamtazama Benilda aliyekuwa amempa mgongo.

"Sijui, Mama."

"Basi onja tena," Eduvina alisema, "na usimeze haraka."