Simu ya Kaka Bado Inabisha

Kaka yangu alikuwa fundi wa minara ya simu. Kabla mnara haujamwangusha, aliiunganisha simu yake na ya mama moja kwa moja, simu kwa simu. Ukibonyeza kitufe, sauti yako inatokea upande wa pili bila kuita. Alituambia mtandao ni kama mama mwenye nyumba: ukikaa kimya, chumba chako anampangisha mwingine. Kwa hiyo simu hizo zilikuwa zinapigiana hodi chinichini, usiku na mchana, njia isifungwe. Zikisikiana, kitaa cha kijani kinawaka. Moja ikizimwa, kwenye nyingine kinazimika.

Tulimzika kaka. Kitaa kwenye simu ya mama hakikuzimika.

Sisi tulidhani simu yake ilivunjika naye, na kitaa kile ni hitilafu tu. Mama yeye aliishika ya kwake kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Hali chakula, halali usingizi, kazi ni kuisogeza karibu na chaja. Nikimwambia apumzike, ananijibu kwamba akilala mwanawe atapotea njia. Alikonda mpaka pete ikawa inamponyoka kidoleni.

Nikaenda kwa wifi, mjane wa kaka, nimwombe aje aseme naye. Nilimkuta jikoni anamenya vitunguu. Juu ya friji simu ya kaka ilikuwa kwenye chaja, kitaa kinawaka.

Nikakaa. Akaanza mwenyewe. Kaka aliisahau nyumbani asubuhi ile aliyoanguka. Kila yeye wifi akitaka kuizima anaona taa, anajua mama yuko macho, anangoja.

"Wifi, mume nimeshazika," alisema. "Na mama nimuue kwa kidole?"

Nikamwambia taa hiyohiyo ndiyo inayommaliza. Huyu hazimi kwa sababu ya yule, na yule hivyohivyo. Akafuta mikono, akanipa simu. Alisema nizime mimi niliyezaliwa naye tumbo moja.

Kidole hakijafika, sauti ya mama ikajaa jikoni.

"Mwanangu, umekula?"

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu. Mama aliendelea kushikilia kitufe, tulimsikia anavyopumua. Alipoachia, sikuweza kumzimia vile, kama mtu anayefunga mlango mgeni akiwa kizingitini. Nikabonyeza.

"Mama, ni mimi, binti yako."

Kisha akauliza taratibu, wala hakushangaa:

"Na wewe umefika huko lini?"