Mto Uliogeuzwa Ardhi Ngumu

Kapteni Salama Idris, mzaliwa wa Kitui mjini, ndiye aliyeendesha programu ambayo wakubwa wake jeshini waliitumia kupanga mazoezi. Unaipa ramani, magari na hali ya ardhi, nayo inakuonyesha kwenye skrini vile msafara utakavyokwenda kabla dereva yeyote hajawasha injini.

Safari moja, msafara ulitakiwa kuvuka mto Thua, ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Kila Salama alipojaribu kwenye programu, malori yalizama. Lakini Kanali, mkuu wake, aliitaka njia hiyo hiyo, na wageni walikuwa wameshaketi wakingoja kuonyeshwa. Salama akaufuta mchanga, akaandika ardhi ngumu. Malori yakavuka kwenye skrini, makofi yakapigwa.

Siku ya mazoezi yenyewe, lori la mbele lilikwama, likalala ubavu. Dereva wake, Koplo Mbithi, alipondeka mguu, ukakatwa. Uchunguzi ukasema programu ilionyesha njia iko sawa, kwa hivyo kosa ni la dereva. Salama alikuwa pale pale. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema hana.

Miezi kadhaa baadaye alikwenda kumwona Mbithi kwake, nje kidogo ya Wote. Kasiva, mkewe, alimpangusia kiti kwa leso yake, akamimina chai.

"Asante kwa kutukumbuka, madam. Hakuna mwingine wa jeshi amefika hapa."

Salama alikisogeza kikombe pembeni.

"Mbithi," alisema akiangalia sakafu, "wewe hukukosa. Mimi nilijua lori litazama. Nilibadilisha mchanga kwa kompyuta ndio Kanali afurahi."

Kasiva aliweka birika chini. Mbithi alilikanda paja lake.

"Umewaambia wakubwa wako?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ya nini, afande? Nikusamehe ndio upate usingizi?"

Uso ulimwaka Salama. Alitoa simu, akampigia Kanali, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Akaanza kueleza yote.

"Salama, kata hiyo simu!" Kanali alifoka.

Hakukata mpaka alipomaliza.

Uchunguzi ulifunguliwa upya. Mbithi aliondolewa lawama, Salama akavuliwa cheo. Alipopiga simu kuwapa habari, Kasiva ndiye aliyepokea.

"Tumesikia," alisema, akakata.