Kindi Waliokuja Kupimwa Damu

Alhamisi asubuhi Ernest Tallentire alifika zahanati ya kijiji kupimwa damu, akakuta viti vyote vimekaliwa na kindi. Walikuwa kumi na wanne, wa kijivu, wote wamekufa tangu Jumanne. Walikaa kwa adabu, mikia mapajani.

"Uliza wa mwisho nani," nesi Doreen alimwambia bila kuinua macho.

"Mimi hapa," akasema kindi jike mwenye sikio lililochanika.

Ernest akasimama nyuma yake. Aliwajua. Yeye ndiye aliyetunza msitu wa Bibi Wharram, na ndiye aliyejaza ngano yenye sumu kwenye masanduku ya mitini, maana kindi hawa walibambua magome na kuwamaliza kindi wekundu wa asili. Sumu yenyewe ni warfarini ya kuifanya damu nyepesi, dawa ileile aliyoandikiwa moyo wake ulipoanza kudunda ovyo. Yeye humeza kidonge kimoja baada ya chai. Kindi walikula mpaka damu ikasahau kuganda, wakavuja kwa ndani siku tano.

Zamu ilipofika, Doreen alimchoma yule jike kidole, akatazama kipimo.

"Dada, damu yako maji matupu. Nani kakuandikia dozi hii?"

Kindi akamwonyesha Ernest kwa kidevu.

"Nilitumwa," Ernest akasema, masikio yakimwaka moto.

"Basi twende kwa aliyekutuma," kindi akasema.

Wakapanda wawili hao kwenye jumba kubwa, kindi mfukoni mwa koti la Ernest. Bibi Wharram alikuwa akipaka mkate siagi.

"Futa miguu, Tallentire. Na huyo mgeni wako."

Kindi akafuta, yote minne. "Bibi," akasema, "babu yako ndiye aliyetuleta kutoka Marekani, jozi kumi ndani ya kreti, tuipambe bustani. Hatukuomba safari."

"Babu alipenda sana wanyama."

"Sasa kosa letu nini?"

"Mmezaana kupita kiasi. Mgeni mwenye haya hazai hivyo."

Ernest akakohoa. Miaka sita alikuwa akizika maiti zao kimyakimya, bila kumwambia mtu. "Bibi, wanakufa polepole. Mimi nawaona."

"Nyumba unayolala ni ya nani, Tallentire?"

"Yako, Bibi."

"Kuna gunia jipya ghalani. Safari hii nimeagiza kali zaidi."

Alirudia mkate wake. Ernest akaenda ghalani, akajitwika gunia begani, kindi akakaa juu yake. Walipofika kwenye mwinuko mzee akaanza kuhema.

"Zito?" kindi akauliza.

"Zito."

Kindi akashuka, akatembea kando yake mpaka msituni. Ernest alipoanza kumimina, kindi akamshikia kifuniko cha sanduku.