Pumzi ya Tembo wa Kale

...imetoka nje, Mungu wangu, waya ya masikio imechomoka kwa kompyuta na sauti imetoka yote, ile ndefu, ya chini, mpaka mabati yametetemeka, usiku wote huu, na sasa nyuma ya ukuta kitanda cha mama mkwe kinalia, ameamka, Mwaitu ameamka, na wewe Muindi usiamke, nyonya tu mwanangu, nyonya, "Ni nini hiyo?" anauliza kutoka huko, si nilishamwambia, ni tembo wa kale, Mwaitu, yule wa meno yaliyopinda chini kutoka kwa taya, waliisha wote na hakuna mtu anajua walilia namna gani, ndio mimi namtungia sauti na kompyuta, akacheka akishika kiuno, "Wenzako wanaimbia Mungu, wewe unaimbia mifupa!", lakini hajui hiyo sauti nimeitoa wapi, hata Kisilu hajui, bwanangu, yuko Mtito Andei anaziba pancha za malori, na Gedion wa Kitui aliyenifundisha kutunga aliuliza, tulikuwa tunageuza hesabu za mvua kuwa ngoma, kila mwaka pigo moja, mvua ikiwa nyingi pigo ni zito, ikikosa ngoma inanyamaza, na miaka ya karibu, woi, kunyamaza ni kwingi, halafu juu ya huo ukimya tembo anapumua, Gedion akasema huyu mnyama wako mbona ananiliza, umemtoa wapi, nikasema kwa kompyuta, nikadanganya, ningesemaje, kwamba ni kifua cha Mutanu, kifungua mimba wangu, ule mwaka wa vumbi ng'ombe wakianguka kando ya barabara, kifua kilipomshika nikarekodi na simu anavyopumua ili daktari asikie, maana ukifika mtoto ametulia wanasema hana kitu, nilitaka wasikie, hatukufika, tulikuwa bado hapo stendi ya Salama tunangoja gari, na simu ikabaki na pumzi yake, kidogo tu, nikaivuta, nikairefusha, kifua kama cha kifaranga kikawa kifua cha tembo, kikubwa, hakuna vumbi linaweza kukijaza... na kesho Gedion anautaka wimbo, aupige Kitui mbele ya watu, sijui kama ninamtoa mtoto wangu nje ama ninamficha, na Mwaitu akijua atasema nimeamsha maiti, wataniombea kanisani wamenishika kichwa, ataambia Kisilu, Kisilu alisema tusimtaje tena, na hawamtaji, nilikuwa Mama Mutanu mimi, alipozaliwa Muindi wakaanza Mama Muindi, sokoni, kanisani, kila mahali, hakuna aliyeniuliza, ni kama kufuta ubao... miguu inaburuta, amefika, naona vidole vyake chini ya pazia la mlango, "Pole Mwaitu, nazima," "Usizime," anasema, na sauti yake si ya kugombana, Muindi bado ananyonya, kifua chake kinapanda kinashuka, nakihesabu kila usiku hiki, nakiogopa, "Hapo anashika pumzi kwanza," anasema nyuma ya pazia, "halafu anaiachilia mara mbili kama mtu anapanda mlima, nilimbeba huyo mtoto usiku ngapi, unafikiri huu mgongo umesahau?", nami nilidhani ni mimi peke yangu ninayo hiyo pumzi, kumbe iko mgongoni kwa mtu mwingine, ndani ya nyumba hii hii, miaka yote hii, "Mama Mutanu," ananiita, ananiita hivyo, "niwekee tena, polepole, usiamshe huyu mdogo wake," "Na Kisilu?" "Wacha Kisilu, huyo atavunjika," na kidole changu kinabonyeza kitufe, haya, kesho nitaupeleka, wacha watu wa Kitui wamlilie tembo, wamlilie sana, ni tembo, Mwaitu, nikiulizwa nitasema ni tembo, mimi na wewe tu, sitaambia mtu mwingine.