Pale Tulipokwaruza Rangi

Dimple aliuvuta mlango wa mwisho wa godauni mpaka komeo likalia, na jua la saa saba mchana la Shinyanga likabaki nje. Ndani tukabaki watatu na gari: mimi, Dimple, na baba yake, Mzee Harish, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la mbolea, funguo za akiba mkononi, kama mtu anayesubiri kuzikabidhi. Nikaingia kwenye Pijo, nikawasha taa. Ukutani, hatua ishirini mbele yangu, yakatokea madoa mawili ya rangi ya chai ya maziwa. Basi, hakuna zaidi.

Taa zile nilizifunga mimi.

Jina langu Zipora, ingawa mjini hapa wananiita Mama Amosi, fundi umeme wa magari. Najisifu, sifichi. Nilipoanza kazi hii wenye magari walikuwa wakiniuliza mume wangu yuko wapi. Mzee Harish hakuuliza. Aliniachia Pijo 404 ambayo marehemu baba yake aliinunua mwaka 1967, enzi akinunua pamba Kishapu, akaniambia dinamo haichaji, kisha akaenda zake kunywa chai. Tangu siku hiyo, kila mwenye gari bovu aliyepita dukani kwake alielekezwa kwangu. Nikisema namheshimu mzee yule, si kwa adabu tu.

Miezi minane kabla ya siku hiyo ya godauni, mjukuu wake Rohit alikuwa anaoa, na mzee akataka Pijo ndiyo impeleke bwana harusi. Thobias, fundi rangi ninayetumia naye uwanja mmoja, akaipiga rangi nyeupe yenye unjano kidogo, kama mtindi. Nilimwambia asiache hata pa kuweka ukucha, naye hakuacha. Alipaka mpaka ndani ya matundu ya taa, ambamo hakuna mtu angechungulia. Kazi yangu ilikuwa kutoa balbu za zamani, ambazo mzee alisema zinamulika kama kibatari, na kuweka za halojeni.

Kila taa ina waya unaoleta umeme na mwingine unaourudisha kwenye bodi la gari. Huu wa pili mafundi tunauita ethi, na ethi hutaka bati tupu. Ikikuta rangi, umeme unapita kwa kunyata. Hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilikuwa na msasa mkononi. Nikaitazama rangi ile ilivyolala, nikashindwa kuikwaruza. Nikafunga skrubu juu yake. Meno ya skrubu yakauma bati kidogo, taa zikawaka, na katika jua lile nani angejua zinawaka kiasi gani? Nyaya nyembamba za tangu 1967 nazo nikaziacha, maana zilikuwa zimejificha na harusi ilikuwa kesho yake. Mzee akavunja nazi mbele ya gari kama ilivyo desturi yao, nami Mkatoliki nikaitikia amina. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa, mzee yule alikuwa na Jumanne zake. Saa kumi na moja alfajiri alipakia majembe, kamba za ng'ombe na masufuria, akaendesha mwenyewe hadi mnadani Mhunze. Wanawe walimwambia atume mtu. Hakutaka, alikuwa akienda kusalimiana na watu kwa Kisukuma chake kilichonyooka na kuulizwa habari za nyumbani. Baada ya harusi akaanza kulalamika kuwa barabara imeingia giza. Akaenda Mwanza akanunua miwani. Akarudi Mwanza akanunua miwani mingine. Daktari alimwambia macho yake hayana ugonjwa, ni ya umri wake tu, na katika maneno yote hayo mzee akasikia neno umri.

Jumanne moja ng'ombe walikuwa wakivuka barabara kabla hakujapambazuka. Alifunga breki, gari likasimama bampa likigusa paja la ng'ombe. Mwenye mifugo akaja dirishani, hakugomba wala hakutukana. Alimwambia tu, "Guku, kama huoni, kaa nyumbani."

Guku ni babu. Neno la heshima kabisa, ndiyo maana lilimchoma. Aligeuza gari palepale, na tangu siku hiyo hakwenda tena mnadani. Kisha akamwambia Dimple atafute mnunuzi. Akapatikana Tanvir, mfanyabiashara wa dhahabu wa Katoro ambaye pia hukodisha magari ya harusi. Tanvir aliijaribu Pijo alfajiri, akasema gari zuri ila taa hafifu. Mzee akacheka, akasema kumbe na huyo naye ameanza kuzeeka. Lakini Dimple hakutaka mnunuzi apate kisingizio cha kushusha bei, ndiyo sababu aliniita. Tanvir alikuwa anakuja kulichukua gari saa tisa.

Yote haya Dimple alininong'oneza mlangoni, kabla hatujaingia. Yeye alidhani ananisimulia habari za macho ya baba yake.

Nikapima kwa mita. Kwenye betri, volti kumi na mbili na nusu. Kwenye balbu, tisa. Volti tatu na nusu zilikuwa zimepotelea njiani, na mimi nilijua zilipopotelea.

Sitadanganya kwamba sikujaribiwa. Ningeweza kurekebisha kimyakimya, nikasema balbu zimechoka, Tanvir akaondoka na gari lake na jina langu likabaki safi. Nikamtazama mzee pale juu ya gunia. Miwani ilikuwa nene kama kitako cha chupa, na mkono wake ulikuwa ukipapasa gunia kabla ya kuegemea, ilhali mwanga wa kumtosha ulikuwa ukiingia kwenye nyufa za mabati. Alikuwa amekwishajizoeza upofu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikaenda mbele yake, nikapiga goti kama tulivyolelewa Usukumani.

"Mzee, macho yako mazima," nikamwambia. "Kosa ni langu. Sikukwaruza rangi."

Nikamweleza yote, skrubu, nyaya, mpaka msasa uliokuwa mkononi siku ile. Dimple alijishika mdomo. Mzee alihesabu kwa vidole, polepole, kama anayetaka kuhakikisha harusi ilikuwa lini.

"Miezi minane umenifanya kipofu," akasema, "kwa sababu rangi ilikuwa nzuri?"

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama mpaka machozi yakanitoka. Kisha akaupeleka mkono wake mbele, kiganja juu.

"Lete huo msasa."

Alikwaruza mwenyewe. Mimi nilitoa taa, yeye akaingiza mkono kwenye tundu na kusugua mpaka bati likatoka jeupe, upana wa sarafu, kulia na kushoto. Nikafunga ethi mpya. Kisha nikavuta nyaya nene kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa, nikaweka rilei mbili katikati, ili swichi ile ya kizee ibaki kutoa amri tu na mzigo upite njia yake. Mzee alinipokeza spana bila kuombwa. Tanvir alifika kabla ya muda, akapiga honi nje, na Dimple akatoka kumwomba asubiri.

Mzee akaingia mwenyewe nyuma ya usukani, akawasha.

Ukuta wote ukaja. Yakaonekana matofali, buibui na utando wao, na maandishi ya zamani ya kukataza kuvuta sigara. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, nami nikaanza kuogopa kwamba labda macho kweli yamekwisha.

"Yule mjusi hana mkia," akasema.

Mimi sikuona mjusi. Nikatembea hatua zote ishirini, kivuli changu kikinitangulia ukutani, na chini ya neno sigara nikamkuta, mdogo kama kidole, na kweli mkia hakuwa nao. Nikamjibu kwamba hana.

Tanvir aliambiwa gari haliuzwi tena, mwenyewe amepona macho. Kwa kuwa ni muungwana hakununa. Alikaa kunywa chai, akauliza daktari ni nani. Mzee akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyeniroga," akasema, "na huyuhuyu ndiye aliyeniagua."

Mwaka wa pili huu, na Jumanne bado ni zake. Juzi aliniambia amekutana na yule mwenye ng'ombe njiani, akamwashia taa zote mbili mpaka yule bwana akaziba uso kwa kofia. Thobias amejitolea mara mbili kupapaka rangi pale tulipokwaruza, bure kabisa, na mzee amekataa. Kila nikifanya huduma ya gari lile, natoa taa na kukuta bati tupu, upana wa sarafu. Napaka grisi kidogo pasipate kutu, narudisha taa mahali pake.