Uzi wa Kupimia Mto

Kipindi cha Jiografia cha kidato cha tatu kilikuwa cha kupima urefu wa mto kwenye ramani. Mto una kona na rula haina, kwa hiyo hutumika uzi: unaulaza juu ya mto, unaupindisha pale unapopinda, kisha unaunyoosha kwenye skeli. Binti wa fundi cherehani alileta uzi mweupe wa mama yake.

Alianzia kwenye chemchemi. Uzi ulikwenda mkavu hadi katikati ya ramani, penye alama ya majani ya malisho. Kuanzia hapo ukalowa. Ukawa mweusi, unateleza kama kamasi, umenasa manyoya ya ng'ombe, na unanuka ngozi iliyooza.

"Mwalimu, uzi umelowa."

"Umelowa nini?"

"Maji ya mto."

Mwalimu aliinama, akainusa ramani, akaziba pua. "Pangusa uendelee. Muda unakwisha."

Hakuna aliyeshangaa. Watu wa bondeni wanaijua harufu ile, maana ndiyo wanayoogea. Penye alama ya majani pana kiwanda cha ngozi, na bomba lake la kijani linaonekana kutoka dirisha la darasa. Kwenye ramani hakipo. Pembeni mwa kila ramani kuna muhuri: Zawadi ya Mwenye Kiwanda. Na muhuri huo nao unatia kinyaa, ingawa haunuki.

Ukaja mtihani wa kupanda kidato. Swali lilitaka shughuli ya kiuchumi inayofanyika penye alama ile. Binti aliandika: kiwanda cha ngozi. Nyumbani mdogo wake alikuwa ametapakaa mapele yanayotoka usaha, na mama yao aliyaosha kwa maji yale yale, kwa kuwa hawakuwa na mengine.

Mwalimu alimwita mezani. "Jibu ni ufugaji, mwanangu."

"Lakini mwalimu, si kile pale?"

"Nakiona, mimi si kipofu. Ila tunasahihisha kwa ramani, hatusahihishi kwa dirisha. Futa, utarudia darasa bure."

Hakufuta. Alirudia darasa.

Mwaka huo ramani zilizidi kuvuja, zikawa zinaanikwa kwenye kamba nyuma ya vyoo, na inzi walihama vyooni kuzifuata. Mwenye Kiwanda alipopata habari alitoa msaada mwingine. Ramani zote zikapigwa nailoni, mkuu wa shule akashukuru sana, wakapiga picha.

Binti alilaza uzi upya. Chini ya nailoni maji meusi yalikuwa yakienda taratibu, na povu lake. Uzi ulibaki mkavu mwanzo hadi mwisho.

Kwenye mtihani aliandika: ufugaji. Akapata alama zote, na mwalimu akampa mkono mbele ya darasa.

Jioni alishuka mtoni na ndoo. Akayachuja maji kwa kitambaa, akakamua manyoya, akamwogesha mdogo wake.